Barua yangu ya kuomba taarifa za jaa la taka na maji ya visima imekaa siku 43 bila jibu: nimekosea wapi?

#1 Mwana wa Maweni (Malindi)

Assalam aleikum wanajukwaa. Nyuma ya mtaa wetu kuna jaa la taka lililoanza kama mahali pa kumwagia maganda na mabaki ya soko, na ambalo mwaka hadi mwaka limekuwa likisogea hata sasa halifiki hatua mia mbili kutoka kwenye visima vitatu tunavyovitegemea mifereji inapokauka. Tangu masika yaanze, maji ya kisima kimoja yamegeuka rangi, yanafanana na chai ya mkandaa iliyozimuliwa, na watoto wa nyumba mbili za jirani wameugua matumbo. Sisemi kwamba jaa ndilo lililowaumiza, kwa sababu sijui, na kutojua huko ndiko kulikonifanya niandike barua.

Mwaka jana walikuja watu wawili wenye chupa na daftari, wakateka maji katika visima vyote vitatu, wakaandika majina ya wenye visima, wakaenda zao. Hatujasikia neno tena. Basi niliiandikia ofisi ya serikali ya kaunti inayohusika, nikaomba “taarifa zote kuhusu jaa, taka, maji na mazingira ya eneo letu tangu mwaka 2010 hadi leo”. Barua niliipeleka mwenyewe, nikamkabidhi mlinzi wa lango aliyesema ataifikisha. Leo ni siku ya 43. Nimekwenda kuulizia mara tatu, na mara zote naambiwa mkubwa hayupo. Naomba mnieleze nimekosea wapi, na kama si mimi niliyekosea, ni nani.

#2 Karani Mstaafu (Malindi)

Wa aleikum salaam. Swali langu ni moja: unayo nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa?

#3 Mwana wa Maweni

Sina, Bwana Karani. Sikujua kama inahitajika.

#4 Karani Mstaafu

Hapo ndipo ninapoliona tatizo, mwanangu, na ninasema hivyo kwa sababu nilikaa masijala, yaani ofisi ya kusajili barua na mafaili, miaka mingi, tangu enzi za mabaraza ya miji kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013. Barua inayoingia ofisini husajiliwa katika kitabu cha barua zinazoingia, ikaandikwa tarehe, jina la aliyeileta na jambo inalolihusu, kisha hutiwa ndani ya faili na kupewa namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake ndani ya faili, na faili hiyo ndiyo inayopelekwa kwa afisa. Afisa hashughulikii barua, anashughulikia faili. Barua iliyoachwa langoni huenda ikakaa kwenye droo ya mlinzi, au ikapelekwa mezani kwa mtu ambaye hajui aitie faili gani, na hakuna anayeweza kuulizwa kwa sababu hakuna palipoandikwa kwamba iliingia.

Siku zote beba nakala mbili. Moja unaiacha masijala, ya pili unaigongesha muhuri wenye tarehe na kumwomba karani atie sahihi yake. Karani mwenye adabu hatakataa.

#5 Msoma Sheria (Mombasa)

Ninamheshimu Bwana Karani, lakini tusimtwishe mwananchi mzigo wote. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa, namba 31 ya mwaka 2016, inaeleza namna haki hiyo inavyotekelezwa. Afisa anatakiwa kutoa uamuzi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi. Anaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14, iwapo taarifa ni nyingi mno au inabidi ashauriane na wengine. Jambo linalogusa uhai au uhuru wa mtu lina muda wa saa 48. Siku 21 zikipita kimya, sheria inalihesabu ombi kuwa limekataliwa, na mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa tume inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, ambayo wengi tunaijua kama Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30.

Kwa hesabu yangu, ndugu yetu alikataliwa siku ya 21. Leo ni ya 43, kwa hiyo zimebaki siku 8. Tuache kuzungumza juu ya mihuri, tumsaidie awahi.

#6 Kijana wa Muyeye (Malindi)

Msoma Sheria, mimi niliambiwa kuwa ni siku 21 za kazi, yaani mwezi mzima hivi. Huenda ofisi bado imo ndani ya muda.

Tena naona mnazunguka. Jibu halikuja kwa sababu jaa hilo lina mambo ya ardhi. Tunaoishi upande huu tunajua kwamba viwanja vingi vina wenyewe wawili au watatu, mmoja ana hati, mwingine ana kaburi la babu yake. Anayetoa karatasi za jaa atalazimika kusema ardhi ile ilipatikanaje, na hakuna afisa anayetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

#7 Msimamizi wa Jukwaa

Karibuni wote. Tusitaje ofisi wala afisa kwa jina katika uzi huu. Tuzungumzie utaratibu.

#8 Mswahili wa Bristol (Uingereza)

Nadhani ninajua habari ya siku za kazi ilikotoka, kwa sababu nami niliwahi kuichanganya. Ni ya huku Uingereza. Hapa kuna sheria mbili zinazokwenda sambamba: ile ya Uhuru wa Taarifa ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, na Kanuni za Taarifa za Mazingira za mwaka 2004. Zote zinaipa halmashauri siku 20 za kazi kujibu, na zile za mazingira zinaruhusu muda huo ufike siku 40 za kazi endapo ombi ni kubwa na gumu. Kenya sheria inasema siku 21, bila kutaja za kazi.

Kinachonivutia ni kwamba taarifa za mazingira zimetengewa kanuni zake, na kanuni hizo ni pana zaidi. Ombi linaweza kutolewa kwa mdomo, hata kwa simu. Mwombaji si lazima awe raia. Tena panapohusika moshi, majimaji au uchafu wowote unaotoka na kuingia katika mazingira, halmashauri haiwezi kujificha nyuma ya siri za biashara. Nilipohamia mtaa wenye kiwanja cha zamani cha taka, niliuliza nini kilizikwa pale, nikaletewa ramani na matokeo ya vipimo vya udongo, bila kuulizwa mimi ni nani.

#9 Kijana wa Muyeye

Ahsante kwa kunisahihisha kuhusu siku. Ila Bwana wa Bristol, ukija likizo tafadhali uje na halmashauri yako.

#10 Mswahili wa Bristol

Nitakuja nayo, mradi Muyeye waniandalie samaki wa kupaka. Lakini ninasema kwa dhati: hata huku watu hunyimwa majibu. Wanaanza kwa kuiomba halmashauri yenyewe iupitie upya uamuzi wake, wakishindwa wanakwenda kwa Kamishna wa Taarifa. Siyo kwamba maafisa wa huku wana roho nzuri kuliko wa kwetu.

#11 Mpimaji Maji (Kilifi)

Naomba turudi kwenye chupa na daftari, kwa sababu mimi nafanya kazi hiyo ya kupima maji na naona wengi wamelipita jambo hilo.

Anayekuja kuteka maji kisimani hujaza fomu ya sampuli: namba ya chupa, mahali, saa, na jina la kituo au mwenye kisima. Chupa hupelekwa maabara ikiwa ndani ya boksi lenye barafu, na kipimo cha vijidudu kinatakiwa kianze haraka, la sivyo matokeo hayaaminiki. Maabara hutoa cheti chenye tarakimu. Kwa hiyo kama maji yalipimwa, kuna karatasi moja, tena fupi, yenye majibu ya visima vitatu. Ndugu yetu aliomba “taarifa zote tangu 2010”, na hilo mimi ningeliogopa kama ningekuwa afisa, hata kama nina nia njema, kwa sababu sijui niishie wapi. Angeomba cheti kile tu, kwa tarehe yake, ingekuwa kazi ya nusu saa.

Akipewa, asikubali neno “salama” peke yake. Aombe tarakimu. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, bakteria wa aina ya E. koli hawatakiwi kuonekana kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, na naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Naitreti ni muhimu hapa kwa kuwa hutoka kwenye kinyesi na taka zinazooza, na ikizidi huwadhuru hasa watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa kwa maji hayo. Ardhi yetu ya pwani ni mwamba wa matumbawe wenye matundu na nyufa, haichuji maji kama udongo mzito wa bara, na mvua ikinyesha juu ya jaa yale majimaji meusi hushuka haraka. Lakini vyoo vya mashimo navyo hushusha vitu vilevile. Pengine kisima kimechafuliwa na choo cha jirani na jaa linasingiziwa.

#12 Mwana wa Maweni

Ahsante sana, Mpimaji. Nakubali kuhusu choo, kipo kimoja karibu. Lakini nataka kufahamu jambo moja: yawezekana maji yale hayakupimwa kabisa?

#13 Mpimaji Maji

Yawezekana. Sampuli huharibika njiani, au dawa za kupimia huwa zimekwisha. Hapo jibu la kweli la ofisi lingekuwa “hatuna”, na ofisi nyingi huona ni heri zinyamaze kuliko kuandika neno hilo.

#14 Msoma Sheria

Hili la Mpimaji lina uzito kisheria. Sheria ya Kenya inatoa haki ya kupata taarifa iliyopo, haimlazimishi afisa kwenda kuitengeneza taarifa mpya kwa ajili ya mwombaji. Lakini kusema “hatuna” nako ni jibu, na mwananchi anastahili kupewa kwa maandishi.

Kuhusu upana wa ombi, sheria inataka mwombaji aeleze kwa kiasi cha kumwezesha afisa kufahamu kinachoombwa. Sikubali kwamba ombi pana ni sababu ya kukaa kimya. Afisa angemwita amsaidie kulipunguza.

#15 Bint Langoni (Lamu)

Hamjambo wote. Nimesoma kwa makini, na nataka kuweka mfano wa kwetu, kwa sababu watu huiona haki hii kama jambo la karatasi tu.

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa kujengwa Kwasasi, huku Lamu, ulipewa leseni na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, mwaka 2016. Wakazi, wakiwamo wa shirika la Save Lamu, walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likaifuta leseni ile. Jambo kubwa lililoiangusha ni ushirikishwaji wa wananchi. Vikao vya awali vilifanyika, watu wakaelezwa mambo kwa juujuu, lakini ripoti yenyewe ya tathmini ya athari kwa mazingira ilipokamilika wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuisoma na kuijadili. Mtu atatoaje maoni juu ya jivu la makaa, au juu ya maji ya moto yanayorudishwa baharini, kama hajaonyeshwa kurasa zinazoyataja?

Mimi ni mmoja wa waliokaa barazani usiku kuwasomea wazee kurasa zile na kuzifasiri. Ripoti ilikuwa nene na ya Kiingereza cha kitaalamu. Palikuwa na bibi mmoja aliyeniuliza upepo wa kusi utaupeleka wapi moshi ule, na swali lake lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoyasikia katika vikao rasmi. Kwa hiyo namuunga mkono Mwana wa Maweni, lakini nadhani kosa lake ni la anwani. Ripoti ya tathmini ya mazingira, leseni ya jaa na ukaguzi wa kila mwaka hupitia NEMA, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inampa mtu njia ya kuziona kumbukumbu hizo huko. Aliiandikia nyumba isiyo yenyewe.

#16 Karani Mstaafu

Bi Langoni, umenena vyema, ila hapo kwenye anwani ninapingana nawe kidogo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti kazi ya uzoaji wa taka, majaa, na huduma za maji na usafi. Kwa hiyo mwenye jaa ni kaunti, na mwenye leseni anayo nakala ya leseni yake. NEMA ni msimamizi. Isitoshe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaitaka kila kaunti iwe na ofisi maalumu ya kushughulikia maombi ya taarifa. Hakukosea nyumba, alikosea mlango.

#17 Bint Langoni

Nakubali kuhusu leseni, Maalim. Kuhusu ripoti ya tathmini bado nasimama nilipo. Nimeziona ofisi zikisema nakala ilipotea wakati wa kuhama kutoka baraza la zamani kwenda kaunti, na huko NEMA ikapatikana.

#18 Karani Mstaafu

Hilo la kuhama ni kweli tupu na linaniuma. Mwaka 2013 mafaili yalibebwa kwa mikokoteni. Mengine yaliachwa kwenye stoo zilizokuwa zikivuja. Ukiomba la mwaka 2010 leo, afisa kijana aliyeajiriwa juzi hajui hata liliitwaje. Sheria ya mwaka 2016 inazitaka ofisi ziweke kumbukumbu zao kwenye kompyuta ndani ya miaka mitatu, lakini hakuna kompyuta inayoweza kuisoma karatasi iliyoliwa na mchwa.

#19 Nahodha wa Mkunguni (Lamu)

Salaam. Bint Langoni ametaja makaa, nami nitaje bandari. Kesi ya wavuvi kuhusu mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za uchukuzi zinazotoka hapo, ilifunguliwa mwaka 2012, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikatoa hukumu kwamba haki kadhaa zimevunjwa, na mojawapo ni haki ya kupata taarifa. Ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Watu wanakumbuka fedha. Mimi nakumbuka kwamba korti ilikubali kuwa mvuvi alistahili kuambiwa mapema wapi patachimbwa na mchanga utakwenda wapi, kabla ya mitego yake kufukiwa.

Nina kisa changu pia. Niliwahi kuomba muhtasari wa kikao kilichozungumzia diko letu la samaki. Nikaulizwa: “Wewe ni nani, na unautaka wa nini?” Nikajieleza nusu saa, nikajitetea kama mwizi, na mwisho nikaondoka mikono mitupu. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba sikuwajibika kutoa sababu.

#20 Msoma Sheria

Hukuwajibika, Nahodha. Kifungu cha 4 cha sheria kinasema haki hiyo haiathiriwi na sababu anazotoa mwombaji, wala na dhana ya ofisi juu ya sababu zake. Kuwasilisha ombi pia hakuna ada. Unaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala tu. Na afisa wa taarifa asiyejibu ndani ya muda anatenda kosa linaloweza kumtoza faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha hadi miezi mitatu.

#21 Kijana wa Muyeye

Nionyesheni mmoja aliyefungwa. Ndugu zangu, mtu mwenye kisima kibovu anataka maji leo. Ningekuwa yeye ningekwenda kwa mwakilishi wa wadi, nikamleta hadi kisimani, nikamtekea gilasi moja mbele ya watu.

#22 Shela Halisi (Lamu)

Kijana, gilasi ile ataisifu rangi yake kisha ataomba kura.

Mimi nimepata jibu, tena kwa siku 12, kwa hiyo nieleze nilivyofanya. Kwetu Shela, chini ya michanga ile mirefu ndiko kunakotekwa maji ya mji wa Lamu. Mvua huzama mchangani, ikatulia kama kitambaa chepesi juu ya maji ya chumvi, na ukivuta kupita kiasi au ukijenga juu yake, chumvi hupanda. Nilitaka kujua kama nyumba fulani iliyoanza kuchimbwa msingi kando ya mchanga ilikuwa na kibali cha ujenzi. Niliuliza swali moja: “Naomba nakala ya kibali cha ujenzi cha kiwanja hiki, kama kipo, na tarehe kilipotolewa.” Niliambatanisha mchoro nilioufanya kwa kalamu, nikaandika kwa Kiswahili, nikapeleka masijala asubuhi. Jibu lilikuwa mistari minne.

#23 Mwana wa Maweni

Samahani, ni Shela yetu ya Malindi au ya Lamu?

#24 Shela Halisi

Jina langu limekwisha kukujibu. Nyinyi mna mtaa, sisi tuna Shela.

#25 Karani Mstaafu

Shela ya Malindi ina wenyewe humu jukwaani, na mmoja wao amenilea. Tuendelee.

#26 Bibi wa Faza (Lamu, ameandikiwa na mjukuu)

Wanangu, mimi si msomi wa kuandika. Kisiwani kwetu maji ni ya kuhesabu kwa madebe, na djabia la zamani, birika la kuwekea maji ya mvua, tunalolitumia limepasuka, tukaambiwa lipo katika mpango wa kutengenezwa. Mpango huo sijauona. Je, mtu asiyejua kuandika naye anaweza kuomba aonyeshwe, au haki hiyo ni ya wenye kalamu?

#27 Msoma Sheria

Shikamoo Bibi. Haki ni yako kamili. Sheria inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyeweza kuandika, ama kwa kutojua kusoma ama kwa ulemavu, afisa anawajibika kuchukua maneno yake, ayaandike yeye, kisha ampe nakala.

#28 Bibi wa Faza

Marahaba, mwanangu. Nitamwambia anipe hiyo nakala.

#29 Msoma Sheria

Nimerudi kujisahihisha. Nilisema zimebaki siku 8. Nimekisoma tena kifungu cha 14, na muda wa siku 30 umeandikwa kuwa ni tangu mwombaji alipojulishwa uamuzi, na tume inaweza kuuongeza. Mtu asiyejulishwa lolote anahesabu tangu lini? Mimi bado naona busara ni kuhesabu tangu siku ya 21 ili asibishiwe, lakini si sahihi kusema mlango unafungwa baada ya siku hizo nane.

#30 Mpimaji Maji

Nami naongeza neno kwa Mwana wa Maweni, nje ya sheria: mpaka karatasi zipatikane, maji ya kile kisima yasinywewe, na kuchemsha kusikutie moyo kupita kiasi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti hubaki palepale, na maji yakipungua sufuriani huzidi kukolea. Watoto wachanga wapewe ya kwingine.

#31 Mwana wa Maweni

Nimewasikiliza, nimeandika upya, na leo asubuhi, siku ya 46, nimepeleka masijala. Barua inasema hivi:

“Naomba, kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, nakala ya (a) matokeo ya maabara, yenye tarakimu, ya maji yaliyotekwa mwaka jana katika visima vitatu vilivyoonyeshwa kwenye mchoro ulioambatanishwa, na iwapo hayakupimwa, nijulishwe hivyo kwa maandishi, (b) leseni ya jaa iliyopo sasa. Kwa kuwa watoto wanakunywa maji hayo, naomba ombi la kwanza lichukuliwe kuwa linahusu uhai.”

Nakala yangu imegongwa muhuri. Lakini kuna jambo jipya. Karani wa zamu, kijana mpole, alikifungua kitabu cha barua zinazoingia kuangalia namba, na tukaiona barua yangu ya kwanza. Iliandikishwa siku ya sita tangu nimwachie mlinzi. Haikupotea. Mbele yake pameandikwa kwa kalamu nyekundu “imepelekwa”, na jina la idara halisomeki.

#32 Kijana wa Muyeye

Nilisema mimi. Ilifika, ikasomwa, ikasukumwa kando.

#33 Karani Mstaafu

Au ilisukumwa kwa sababu ilikuwa pana mno, kila mmoja akaona ni ya mwenzake. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko hila. Nafurahi kwamba mlinzi aliifikisha, na nayaondoa niliyoyasema juu ya droo yake.

#34 Msoma Sheria

Basi hesabu ya muda inaanza siku ile ya sita. Siku 21 ziliisha siku ya 27, na kwa hesabu ya tahadhari umebakiwa na siku 11 za kwenda kwa Ombudsman kwa barua ya kwanza. Kama ilipelekwa kwenye taasisi nyingine ya umma, walitakiwa waihamishe ndani ya siku 5 na wakujulishe kabla ya siku 7 kuisha. Kama ni idara ya ofisi ileile, huko siyo kuhamisha, na muda wao haukusimama. Uliona tarehe kwenye yale maandishi mekundu?

#35 Bint Langoni

Na kama ilipelekwa NEMA, basi nilikuwa na haki.

#36 Mwana wa Maweni

Tarehe ipo, dada: ni ya siku ya 30. Neno la idara linaanza na herufi ambayo mimi naisoma M na karani wa zamu anaisoma N. Kesho narudi na Bwana Karani, ambaye anasema huenda akautambua mwandiko.